Sanduku Lililonunuliwa kwa Picha

Vigelegele vya watu wa Jomvu Kuu nilivisikia kabla gari lao halijapinda kona ya kwetu Mtongwe. Nilikuwa chumba cha ndani, nimekaa juu ya mkeka, mikono imepakwa hina mpaka vifundoni na nimekatazwa kushika kitu.

"Wamefika," nilimwambia Pascalia.

"Nasikia. Kaa kitako, utaharibu hina."

"Hebu chungulia uniambie nani wamekuja."

Pascalia alikuwa rafiki yangu wa Changamwe, tuliyejifunza naye cherehani. Akasogeza ubao wa dirisha kidogo, akatia jicho.

"Pikapu ya buluu. Wanawake wamekaa nyuma juu ya mikeka, na sanduku liko katikati yao limefunikwa shali nyekundu. Na dereva..."

"Dereva nani, Pascalia?"

"Dereva amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua. Tangu ashuke anajifuta jasho, na jua lenyewe si kali hivyo. Mwanarehema, mwenzio yuaogopa kuliko wewe."

Idarus. Kwa desturi hakutakiwa kuja siku ile, lakini mjomba wake aliyekuwa aendeshe gari alishikwa na mgongo asubuhi, na hapakuwa na mwingine wa kuwavusha wale kina mama kwenye feri. Nilijua yuko hatua ishirini kutoka nilipokaa. Nilijua pia kwamba kabla jua halijatua nitakuwa wake au sitakuwa wake kabisa.

Kwetu, siku chache kabla ya nikaha, upande wa mume huleta sanduku: nguo, viatu, marashi, udi, kila kitu atakachoanzia nacho bibi harusi. Hufunguliwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili, kitu kimoja kimoja kikainuliwa juu kionekane, na kila kimoja kikapigiwa kigelegele chake. Na wanawake hawasahau. Sanduku alilopelekewa mtu miaka ishirini nyuma utasimuliwa mpaka rangi ya shanuo.

Langu alikuwa alifungue Shangazi Mwanatabu, dadake baba, aliyenilea tangu mamangu alipofariki mimi nikiwa wa miaka minne. Naye shangazi hakumtaka Idarus. Alimtaka Mwinyihaji, mpwa wa marehemu mumewe, mwenye duka la nguo Likoni. "Dukani kwa Mwinyihaji," akipenda kusema, "kitu wewe wakiona, wakishika, wakigeuza, kisha ndio walipa." Aliposikia kwamba Idarus anaagiza vitu vya sanduku Ulaya, kwa kuchagua picha kitabuni na kungoja posta, alimwambia baba maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu.

"Ishaka, sanduku hilo nitalifungua mimi. Likitutia haya mbele za watu, litarudi Jomvu Kuu siku hiyohiyo, na posa yao juu yake."

Baba, ambaye hajawahi kumshinda dadake kwa neno hata moja, akasema, "Haya."

Jambo ambalo shangazi hakulijua, wala baba, wala mtu yeyote isipokuwa Pascalia, ni kwamba kile kitabu kilitoka kwangu.

Pascalia alipewa na mama mmoja wa Kizungu ambaye yeye Pascalia alikuwa akimfulia nguo, siku yule mama alipofunga mizigo kurudi kwao. Kilikuwa kizito kama tofali, kurasa zinang'aa, na ndani kila kitu cha duniani: mapazia, masufuria, saa, makoti ya baridi ambayo Mombasa yangekuua. Tulikifungua chumbani kwangu tukalala kifudifudi kukitazama. Hakuna mwenye duka wa kukwambia kama hununui weka chini. Hakuna wa kukuharakisha. Kila kitu kimekaa peke yake katika picha, safi, kama kinakungoja wewe. Kabla ya kitabu kile sikujua kama nimekosa chochote. Baada ya siku tatu nilikuwa maskini. Nikikiweka chini nikapepete mchele, mkono wenyewe unarudi.

Mwishowe nikakunja pembe za kurasa nne, nikampa Pascalia ampelekee Idarus kibandani kwake Changamwe alikotengeneza redio. Sikuandika neno. Nilikunja tu. Siku ya pili kikaja kikaratasi: "Nimeona. Tungoje posta." Tukangoja miezi mitatu. Nikaja kusikia baadaye kwamba ameuza baiskeli, anakwenda kazini kwa miguu.

Sasa posta ilikuwa imefika, nami nilisogea mpaka nyuma ya pazia la mlango nikaweka jicho kwenye upenyo.

Sebule ilikuwa imejaa mpaka kizingitini. Bi Tumu, mamake Idarus, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwitia mtu ng'ambo, alikuwa ameketi karibu na sanduku kama askari.

"Watu wa Mtongwe, hamjambo?"

"Hatujambo," alijibu Mwanatatu, jirani yetu. "Tumeambiwa sanduku limepanda ndege."

"Limepanda ndege. Sisi tumepanda feri, na tumefika na nguo zetu kavu, alhamdulillahi."

Wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliinua kifuniko, akaanza. Kwanza zilitoka leso, doti kwa doti, alizozichagua Bi Tumu mwenyewe, na kila doti ikapata kigelegele. Kikatoka chetezo, kikatoka udi wa kunukia. Mambo yalikuwa mazuri mpaka nikaanza kuchezesha vidole vya miguu. Ndipo shangazi akafikia makasha manne ya karatasi ngumu, yamefungwa kwa gundi na kupigwa mihuri ya posta.

"Mbona haya hayajafunguliwa?"

"Mwanangu amekataa yafunguliwe," alisema Bi Tumu. "Ameapa wallahi mkono wa kwanza kuyakata uwe wa nyumba ya bibi harusi."

"Kwa hiyo alichonunua hajakiona."

"Ameona picha."

"Ameona picha," shangazi alirudia polepole, akaomba kisu.

Kasha la kwanza ni marashi. Kitabuni chupa ile ilijaza ukurasa mzima, na mwanga wa dhahabu ukipita ndani yake; nilidhani ni kubwa kama chupa ya siki. Shangazi alitoa pamba, akatoa pamba tena, akafika chini, akainua kitu kati ya vidole viwili. Kilikuwa sawa na kidole changu cha gumba.

"Hii ni ya kuonjesha?"

"Apake shingo upande huu," alisema Mwanatatu, "upande wa pili aupake mwakani, Mungu akituweka."

Sebule ikavunjika kwa kicheko. Hata Bi Tumu alitabasamu akajifuta jicho.

Kasha la pili ni shuka la maua ya waridi. Wanawake wawili wakashika pembe kulitanua, wakajikuta wamesimama karibu hata pua zao zinataka kugusana. Lilikuwa la kitanda cha mtoto mchanga. Pichani lilitandikwa peke yake, hapana mtu wala mto pembeni wa kukwambia ukubwa wake.

"Ndoa haijaingia, wameshamtandikia mtoto," alisema mmoja.

"Sisi watu wa Jomvu hatupotezi wakati," alijibu Bi Tumu, na hapo pande zote mbili zikapiga vigelegele kwa pamoja. Nyuma ya pazia nilicheka mpaka Pascalia akanifinya. Nilijiambia, kumbe yatapita hivihivi kwa mzaha.

Kasha la tatu lilikuwa la gauni.

Liliposhuka likakunjuka kutoka mikononi mwa shangazi, sebule nzima ilisogea mbele. Rangi yake kama maziwa yaliyotiwa zafarani. Mikono mirefu mpaka viganjani, shingo imefungwa vizuri, na kifuani vijishanga vidogo vidogo vimeshonwa kama nafaka. Kilikuwa kigelegele kirefu kuliko vyote. Shangazi alipitisha kitambaa vidoleni mara moja, mara mbili, nikaona uso wake unalegea. Wallahi niliona. Nikamshika Pascalia bega, nikamwachia alama ya hina.

Kisha shangazi akaligeuza.

Kuanzia shingoni mpaka kiunoni hapakuwa na kitu, ila uzi mmoja wa kufungia. Kitabuni yule mwanamke aliyelivaa alisimama akatutazama usoni, wala hakugeuka.

"Bi Tumu," alisema shangazi kwa upole uliotisha. "Mgongo wake umebaki posta?"

"Picha ilikuwa ya mbele, Bi Mwanatabu."

"Na mwanangu ataingia kwa watu kwa mbele, atoke kinyumenyume?"

Safari hii waliocheka walikuwa wa kwetu peke yao, na hakikuwa kicheko cha raha. Shangazi alikata kasha la mwisho bila kusema. Viatu vyeupe vya kisigino, vya ngozi laini, na tepe ndogo mbele. Alivitazama, akakunja uso, akavipitisha chini ya pazia.

"Mvike."

Pascalia alinivika. Mguu wangu ulizunguka ndani kama kijiko katika sufuria ya pilau. Nilipojaribu kupiga hatua, kiatu kilibaki nyuma.

"Vimemkaa?" aliuliza shangazi.

Pascalia alivirudisha viatu vyote viwili chini ya pazia.

"Basi," alisema shangazi. "Kijana huyu ama anatucheka, ama hajui anaoa nani. Hata mguu wa mwanamke anayemposa haujui. Fungeni sanduku, Bi Tumu. Rudini nalo, na Ishaka atawapa posa yenu hapo nje."

"Hatukuja kuomba," alisema Bi Tumu, sauti yake imekatika. Nikasikia kifuniko kinashushwa. Nikasikia zile leso nzuri zinarudishwa ndani.

Siku zile mwanamwali hakuonekana na watu wa sanduku, sembuse kusema. Na kumwomba mwanamume vitu, hilo lilikuwa haya ya kukuandama mpaka uzeeni. Lakini niliona wazi kwamba mtu aliyeuza baiskeli yake kwa ajili yangu anafukuzwa kwa kosa nililolifanya mimi, na mimi nimekaa nyuma ya kitambaa nachunga hina. Nikalisukuma pazia.

"Shangazi, kitabu kilitoka kwangu."

"Rudi ndani."

"Kurasa nilizikunja mimi. Marashi ni mimi, shuka ni mimi. Hilo gauni ni mimi niliyeliona mbele nisijiulize nyuma. Yeye hakuchagua kitu hata kimoja. Ametimiza tu."

"Ulimwomba mwanamume vitu?"

"Nilimwomba, shangazi. Niliona picha, nikatamani, nikashindwa kujizuia. Ukilirudisha sanduku, sema linarudi kwa kosa la Mwanarehema."

Mwanatatu alitia upindo wa leso mdomoni. Bi Tumu aliacha mkono juu ya kifuniko, akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa, kutoka kichwani mpaka kwenye ile miguu yangu midogo. Shangazi alinisogelea. Nilidhani atanipiga.

"Na viatu? Namba ya viatu nayo ulimpelekea?"

"Hapana. Viatu nilikunja ukurasa tu. Namba sijui aliitoa wapi."

"Basi nitamuuliza mwenyewe."

Akavichukua viatu, akanishika mkono akaniweka nyuma ya pazia la mlango wa uani, akaufungua mlango akamwita. Idarus alikuja mbio, kisha akakumbuka, akatembea. Akasimama chini ya ngazi, kofia mkononi. Kupitia upenyo wa pazia niliuona uso wake wote, na ule wasiwasi wa nyusi zake, nikataka kucheka na kulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mguu wa mwanangu uliupima lini, na wewe hujamkaribia?"

Alitazama chini. "Siku ya posa. Wazee walipokuwa wakiagana, nilivunja uchelewa, ujiti mmoja wa ufagio uliokuwa mlangoni, nikaukata sawasawa na ndara zake."

"Ndara zipi?"

"Za kijani. Nilimwona nazo kivukoni Likoni, siku ya kwanza. Siwezi kuzisahau."

Shangazi alifumba macho. Nyumba yetu ilikuwa na watu saba na ndara zote zilivuliwa mlangoni kwa pamoja. Anayetoka hutia mguu katika zilizo karibu, akaenda zake hata ng'ambo akarudi.

"Zile ndara ni zangu," alisema. "Ni za kiume. Nanunua za kiume kwa sababu za kike haziniingii."

Idarus aliinua uso. "Zako, shangazi?"

"Na wewe hukuziona ni kubwa?"

"Niliziona."

"Ukasemaje?"

"Nilisema ndio mguu alioumbiwa." Sauti yake ilishuka. "Nikatafuta kitabuni namba kubwa kuliko zote za kike. Nikasema mguu mkubwa nitaupenda vilevile."

Nilisikia joto linanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Pascalia, nyuma yangu, alinong'ona kwa Mola wake. Shangazi aliketi juu ya ngazi, akavua ndara, akashika kiatu kimoja cheupe. Nilijua jambo moja ambalo Idarus hakulijua: siku ya harusi yake mwenyewe, shangazi aliletewa viatu vya sanduku visivyomwingia, wanawake wakamcheka, akaingia kwa mumewe miguu mitupu ameificha chini ya buibui. Tangu hapo hakuvaa kiatu cha kike.

Mguu ukaingia. Kisigino kikakaa mahali pake. Akavaa cha pili, akasimama, akashika mwimo wa mlango.

"Vimekukaa, Bi Mwanatabu," alisema Bi Tumu kutoka ndani, kwa sauti ndogo nisiyodhani anayo.

"Nyamaza, Tumu." Lakini hakusema kwa ukali. Akamgeukia Idarus. "Vitu hivi vinarudishwa vipi?"

"Havirudi. Kuvirudisha ni miezi mitatu mingine na gharama juu yake, wala hawaahidi kitu."

"Kwa hiyo yale marashi na shuka la mtoto ni vyetu milele. Na kitabu chenyewe kiko wapi?"

"Mama anawashia jiko. Ameshafika kwenye makoti."

Mdomo wa shangazi ulichezacheza, akauzuia. "Nisikilize. Gauni nitalitia mgongo mimi kwa mkono wangu. Lakini usidhani viatu vimeninunua. Nakuuliza, nataka jibu. Siku mwanangu atakapotamani kitu nawe huna, utafanya nini? Utauza nini tena?"

Idarus alipojibu, hakumtazama shangazi. Alilitazama pazia.

"Nitamwambia sina. Safari hii sikuweza. Nilisema Mwinyihaji ana duka zima, mimi nina bisibisi na redio za watu. Niliona rahisi kuuza baiskeli kuliko kulisema neno hilo."

"Ungeniambia," nilisema. Lilinitoka lenyewe.

Alishtuka. Nililifungua pazia kiasi cha jicho moja, na jicho lake likaniona. Sikuwahi kutazamwa hivyo. Miezi yote ile nilikuwa nikitazama picha za vitu, na hakuna picha iliyowahi kunipa kitu cha namna ile.

"Ningekwambia," aliuliza, "ungenikubali?"

"Nilikwisha kukubali kabla kitabu hakijafika. Mimi ndiye niliyekipeleka, nikajichelewesha."

"Basi tusinunue tena kitu kwa picha, Mwanarehema."

"Tusinunue. Tutakwenda wote, tukigeuze nyuma."

"Jamani, mimi nipo hapa au nimeshakwenda?" aliuliza shangazi.

"Utuwie radhi, shangazi," tulisema wote wawili.

"Wewe usivuke pazia hilo. Na wewe ukilifungua zaidi ya hapo nakuvunja huo mkono na hina yake." Akapita ndani kati ya wanawake, akitembea taratibu, maana kisigino hakukizoea, na hakuna aliyethubutu kucheka. Akafika mlango wa mbele, barazani walikokaa baba na wazee wa Jomvu Kuu waliowafuata kina mama nyuma.

"Ishaka."

"Naam, dada."

"Sanduku tumelipokea. Nikaha ya Ijumaa iko palepale."

Baba alikohoa. "Wasema kweli?"

"Lini nilisema neno nikaligeuza? Waombee watoto dua, watu wana safari ya feri."

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Bi Tumu, na kilipasua nyumba. Kisha sauti nene ya baba ikaanza Fatiha huko mbele, na wanawake wakatulia. Idarus alivaa kofia yake, akainua viganja pale chini ya ngazi. Mimi niliinua vyangu nyuma ya pazia, hina yote imeshaharibika. Dua ilikuwa ndefu, baba alipenda dua ndefu, nami nilitamani isiishe na iishe upesi. Alipofika mwisho, amin yake Idarus na amin yangu zikatoka pamoja, kwa sauti moja, na nikamsikia akicheka kimyakimya upande wa pili wa kitambaa.